Jiwe Tupu la Bi Tanuri

Kazi ya Bi Tanuri ilikuwa kuoka mawe. Si matofali, si vigae, si kitu chochote ambacho mtu angejengea hata banda la kuku. Mawe. Aliokota jiwe la kawaida, akaliponda, akalisaga mpaka likawa vumbi, akalitia kwenye kibakuli cha kaure, akaliingiza kwenye tanuri la umeme kwa nyuzi joto mia tano, kisha akasubiri kwa saa nane liive. Likishaiva, kila kilichowahi kuishi, kuota, kuoza au hata kuligusa kilikuwa kimeungua na kwisha. Hilo ndilo liliitwa jiwe tupu. Kwa ufundi huo wa kutengeneza kitu kisicho na kitu, serikali ilimlipa mshahara miaka ishirini na miwili, na bado wapo watu wanaosema serikali haina ucheshi.

Maabara yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ya jengo ilikufa zamani, ila kibao cha kuomba radhi kwa usumbufu kilibadilishwa kila mwaka ili kisichakae. Vyoo vya ghorofa ya pili havikuwa na maji tangu enzi za mkurugenzi aliyepita. Juu ya vyoo hivyo, watu wazima wenye shahada zao walikuwa wanatafuta dalili za uhai kwenye sayari nyingine.

Usicheke, kazi ilikuwa ya kweli. Kati ya mawe yanayoanguka kutoka angani yamo machache sana ambayo wataalamu wamethibitisha kwamba yalirushwa kutoka sayari jirani, yakazurura huko juu mamilioni ya miaka, kisha yakatua kwetu bila viza. Ndani yake hawatafuti viumbe wenye pembe. Wanatafuta molekuli za kaboni, vile vijipande ambavyo kila chenye uhai kimejengwa navyo. Kuvikuta si ushahidi wa uhai, lakini ni kama kukuta majivu jikoni kwenye nyumba iliyohamwa. Lazima uanze kuuliza maswali.

Kazi ya kutafuta ilifanywa na mashine. Unaipa vumbi la jiwe, inalichoma, na moshi wake unapita kwenye bomba jembamba kama uzi, refu mita thelathini, ambapo kila molekuli inatoka upande wa pili kwa zamu yake. Kila inayotoka inachora kilima kwenye kioo cha kompyuta. Kama hakuna kitu, mstari unalala tu. Ubaya ni kwamba mashine ile haikufundwa adabu, inanusa yote inayokutana nayo. Ukipita karibu na mafuta ya nywele, inakuchora. Ukishika chombo kwa kidole kilichoshika mkate asubuhi, inauchora mkate wako, na kesho yake mtu mwenye shahada tatu anaweza kutangaza kwamba sayari jirani kuna mkate.

Ndiyo maana Profesa, mkuu wa maabara, siku alipoifungua na nywele zake bado zipo, aliandika kwa mkono wake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kubwa maneno matatu: tupu, jiwe, tupu. Kabla ya kupima jiwe la kweli, pima jiwe tupu. Ukishamaliza, pima jiwe tupu tena. Likinyamaza mara zote mbili, basi lililosemwa na jiwe la kweli ni lake mwenyewe. Likisema neno, funga mdomo wako na uanze upya.

Bi Tanuri aliyashika maneno hayo matatu kuliko aliyeyaandika. Siku za kazi hakupaka mafuta, hakupaka manukato, hakupaka chochote. Viwiko vyake vilipauka mpaka wifi yake akauliza kwenye msiba, tena kwa sauti, kama ndugu yake ameshindwa kumnunulia mkewe hata kopo la mafuta. Mama mkwe, ambaye alikuwa anaishi nao, yeye alikuwa na swali moja tu la jioni.

"Mmeshapata?"

"Bado, mama."

"Haya. Leo ni leo, kesho mtapata."

Angemweleza vipi? Waliokuwa wanatafuta ni wale wenye shahada. Yeye kazi yake ilikuwa kutopata. Siku aliyofanya kazi vizuri kabisa, mstari ulilala chali kwenye kioo kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna binadamu aliyewahi kupigiwa makofi kwa mstari uliolala.

Hakuna pia aliyewahi kuandikwa jina. Katika miaka hiyo ishirini na miwili, maabara ilichapisha makala ishirini na tisa. Kila ilipotoka, Bi Tanuri aliipeleka nyumbani, na mumewe, ambaye alikuwa fundi saa na hivyo alikuwa na muda mwingi tangu watu waanze kuangalia saa kwenye simu, aliipachika jichoni lenzi yake ya kazi na kuipitia karatasi mstari kwa mstari.

"Nimetafuta, mama watoto. Halimo."

"Mwisho kabisa, wameandika shukrani."

"'Tunawashukuru mafundi wetu.' Hata mimi ni fundi. Labda wamenishukuru mimi."

Walicheka wote wawili, yeye akicheka zaidi ili ionekane haimuumi. Ilimuuma. Ilimuuma kila mara, mara zote ishirini na tisa, na uzoefu haukusaidia kitu.

Basi ndipo alipokuja Mtalii. Hilo ndilo jina walilolipa jiwe lililoazimwa kutoka taasisi kubwa ya mbali, baada ya miaka minne ya barua. Lilikuwa na ukubwa wa kidole gumba, lilikuja ndani ya sanduku ndani ya sanduku ndani ya sanduku, na waliruhusiwa kulikwangua mara tatu tu, vumbi la kujaza ncha ya kijiko kila mara. Profesa alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, Bi Tanuri miezi mitatu baadaye. Labda kustaafu kunamlainisha mtu, labda dhamiri ilimsuta, kwani siku hiyo Profesa alimwita Bi Tanuri ofisini, akamwambia akae, jambo ambalo lenyewe lilikuwa jipya.

"Makala ya Mtalii tutakuwa watu saba," alisema. "Wewe ni wa saba."

"Wa saba kwenye shukrani?"

"Waandishi, Bi Tanuri. Jina lako kamili. Niandikie hapa ili wasikosee herufi."

Aliandika majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa, na la babu akalihakiki mara mbili. Nyumbani, mumewe alifunga duka mapema. Mama mkwe alipewa habari saa kumi, na kabla ya saa kumi na mbili mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mke wa fundi saa anapelekwa mwezini. Wifi naye akatangaza kwamba Jumamosi ndugu wote wakutane kwake, wampongeze.

Sasa, juma hilohilo ofisi ilipata habari nyingine: Alhamisi inayofuata mgeni rasmi angetembelea maabara. Mgeni rasmi ni mtu ambaye anakuja kutazama kazi, kwa hiyo kazi inasimama ili maandalizi yafanyike. Afisa Utawala alipanda juu kukagua. Alikuwa mtu nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata kamba. Alipita kwenye mashine yenye thamani ya jengo zima bila kuitupia jicho, akasimama akaitazama sakafu.

"Hii sakafu imepauka kama ya gereji," alisema.

"Hiyo ndiyo inavyotakiwa," Bi Tanuri alimjibu. "Hapa hatupaki kitu. Tangazo hilo hapo ukutani."

Afisa Utawala alilisoma tangazo. Lilisema ni marufuku kupaka kitu chochote sakafuni. Akalibandua taratibu, akalikunja. "Limeandikwa kwa mkono," alisema. "Halileti picha nzuri. Jumamosi utafungua mlango, mfagizi apige deki."

Ijumaa wakapima jiwe tupu. Mstari ukalala. Kila kitu kilikuwa tayari kwa ajili ya Mtalii.

Jumamosi asubuhi Bi Tanuri alikuja kufungua. Akamwambia mfagizi, mwanamke mpole wa makamo aliyefanya kazi pale kwa mkataba, "Maji matupu, dada. Sabuni hapana, dawa hapana, maji tu." Mfagizi akasema sawa. Utaratibu wa kawaida ulikuwa kwamba fundi mwenye ufunguo anakaa mpaka mwisho, anafunga, anaweka sahihi. Lakini kwa wifi walikuwa wameshaanza kufika, na mumewe alikuwa amepiga simu mara mbili. Mtu anayekwenda kupongezwa hatakiwi kuchelewa kwenye pongezi zake mwenyewe. Akaweka sahihi kabisa kwenye kitabu, akamwachia mfagizi ufunguo, akaondoka. Miaka ishirini na miwili ufunguo ule haukuwahi kutoka mkononi mwake. Alipongezwa vizuri sana. Wifi alimpa kopo la mafuta ya mwili.

Jumatatu alipofika, alijua kabla hajavuka mlango. Sakafu ilikuwa inang'aa. Ilikuwa inang'aa kiasi kwamba aliona viatu vyake mara mbili, na harufu ya nta, tamu na nzito, ilikuwa imekaa chumba kizima kama mwenye nyumba. Alitaka kupiga kelele. Lakini Profesa alikuwa ameshafika tangu alfajiri na vijana wake wawili wenye udaktari, wakamkwangua Mtalii, wakaipa mashine vumbi lake, na sasa walikuwa wamesimama mbele ya kioo.

Kwenye kioo kulikuwa na vilima. Si kimoja, si viwili. Safu nzima, vimepangana kwa nafasi sawasawa, kimoja baada ya kingine, kama mtu kavipima kwa rula. Profesa aligeuka na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Miaka thelathini," alimwambia. "Bi Tanuri, miaka thelathini."

Akamkumbatia, mbele ya watu. Na Bi Tanuri, ambaye alikuwa amekanyaga ile nta kwa miguu yake, ambaye alijua kwamba vumbi la jiwe lililosagwa linanyonya harufu ya chumba kama kitambaa kinavyonyonya maji, alinyamaza. Hebu tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alinyamaza siku nzima. Aliosha vyombo vyake, akavikausha, akanyamaza. Aliwasikia wakipanga kutangaza Alhamisi mbele ya mgeni rasmi. Alimsikia Profesa akisema tupu ya Ijumaa inatosha, muda hautoshi kupima nyingine. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi iliyokuwa mezani, mstari wa saba, herufi zote sahihi. Alipita pale mara nne bila sababu.

"Mmeshapata?" mama mkwe aliuliza jioni.

Akainuka akaenda kumchotea chai. Alikuwa na jibu la miaka yote na halikufaa, na jibu jipya lilikuwa la uongo.

Jumanne, wenye udaktari walipokwenda kula mchana, Bi Tanuri alifungua chupa yake ya jiwe tupu, akachukua ncha moja ya kijiko, akaisaga upya palepale mezani, kama walivyomsaga Mtalii, akaipa mashine. Alikaa kwenye kiti akatazama. Mstari ulilala dakika ya kwanza, ukalala ya tano. Ya tisa ukanyanyuka. Kilima kimoja, kingine, kingine, kwa nafasi sawasawa. Jiwe aliloliokota nyuma ya jengo, lililookwa kwa saa nane, lilikuwa na uhai uleule wa sayari jirani.

Bado alijipa nafasi ya mwisho. Alipiga magoti, akasugua sakafu kwa kipande cha pamba safi, akakipima nacho. Safari hii vilima vilikuwa virefu mpaka vikagonga juu ya kioo. Alichapisha michoro yote mitatu, ya Mtalii, ya jiwe tupu na ya sakafu, akaiweka moja juu ya nyingine, akaiinua dirishani. Vilima vilikaa juu ya vilima. Hata mama mkwe angesoma.

Jumatano asubuhi alibisha hodi ofisini kwa Profesa. Hakuambiwa akae. Aliweka karatasi tatu mezani na akaeleza yote, la ufunguo pia, bila kujikosha. Profesa alizitazama muda mrefu. Mtu aliyeitengeneza kanuni ile hakuhitaji kutafsiriwa.

"Nani alikuagiza upime tupu jana?" aliuliza hatimaye.

"Daftari, Profesa. Ukurasa wa kwanza. Mwandiko wako."

"Ungeweza kuacha."

"Ningeweza. Jumatatu niliacha."

Profesa alivua miwani, akaiweka, akaivaa tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, haikuwa ya ukali. "Bi Tanuri, pengine baada ya mwaka mtu angegundua. Pengine asingegundua. Tungekuwa tumeshastaafu wote wawili. Na jina lako limo humu."

"Ndiyo maana nimekuja," alisema. "Lingekuwa halimo, ningekuacha uaibike mwenyewe."

Halafu Profesa akafanya kitu ambacho hakufanya kwa miaka mingi, akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akachukua ile karatasi yenye majina saba na kuichana. Aliichana taratibu na kwa heshima. Bi Tanuri aliutazama mstari wa saba ukigawanyika katikati ya jina la babu. Alikuwa ameshinda, na hajawahi kushindwa vibaya namna ile.

Alhamisi mgeni rasmi alikuja na watu kumi na wanne. Profesa alisimama mbele yao akasema, kwa Kiswahili chepesi, kwamba jiwe limepimwa, kipimo kimeharibika, vumbi la safari moja limepotea, zimebaki safari mbili, na kwa sasa hawajapata kitu. Wageni walipiga makofi, kwa sababu kwenye ratiba iliandikwa makofi. Mgeni rasmi alitoa hotuba ya dakika arobaini kuhusu anga. Kisha akatazama chini, akasema amefika maabara nyingi lakini hajaona sakafu safi kama hii. Afisa Utawala aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Baada ya miezi miwili alipandishwa cheo.

Ikaundwa kamati, maana kipimo kama kile hakiharibiki bila kamati. Kamati iliketi mara tano. Ilimhoji mfagizi, ambaye alisema Afisa Utawala alikuja Jumamosi ileile na kopo la nta mkononi, akamwamuru apake; maelezo hayo yalipokelewa kwa shukrani na hayakuonekana tena. Profesa aliandika barua ya kurasa tatu kupinga, ikapokelewa kwa shukrani vilevile. Mwisho taarifa ikatoka, imechapishwa, ina jalada, na nakala zake zikasambazwa kwa idara zote na kwa ile taasisi ya mbali iliyoazimisha Mtalii.

Bi Tanuri aliileta nyumbani pamoja na barua ya onyo iliyoambatana nayo. Mumewe alivaa lenzi bila kuambiwa. Hakuhitaji kutafuta sana. Ukurasa wa pili, majina yote matatu, kwa herufi nzito: ndiye aliyekabidhi ufunguo kinyume cha utaratibu na kusababisha uchafuzi wa sampuli. Aya iliyofuata ilisema kwamba uchafuzi huo uligunduliwa. Na nani, haikusema. Uligunduliwa tu.

Fundi saa alivua lenzi. "Hii tuichome," alisema. "Mama watoto, tuchome tu."

"La ufunguo ni kweli," Bi Tanuri alisema.

"Na hilo lingine?"

Barua ilimtaka ajibu kwa maandishi ndani ya siku saba. Wenzake ofisini walimshauri aombe msamaha, aandike kurasa mbili, ataje uzee, ataje presha, pensheni iko mlangoni. Alikaa kwenye meza ya kulia, akaomba kalamu, akaandika mistari miwili tu:

"Nakubali kwamba ufunguo niliukabidhi mimi. Na jiwe tupu nililipima mimi."

Chini yake akaweka majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa ili wasikosee. Akatoa nakala saba, moja kwa kila mjumbe wa kamati, na ya nane akaibandika kwenye daftari kubwa la maabara, ukurasa wa kwanza, chini ya maneno matatu ya Profesa.